Kikombe Kimoja cha Papai

Uvumi ulimganda Mama Tumu tangu sokoni: mtoto wa mtaa wa pili, mwenye kisukari kama Tumu wake, kalazwa hospitali kwa kikombe kimoja tu cha papai. Akaenda kuazima mizani kwa jirani yake, Bi Hadiya, muuza maandazi, naye akaja nayo mwenyewe.

"Kikombe ni kikombe, shoga," Bi Hadiya alicheka. "Au papai lako lina mimba?"

Muuguzi wa kliniki alikuwa amemruhusu Tumu gramu mia na arobaini za papai kwa mlo. Mama Tumu akakata vipande vikubwa, akajaza kikombe, akamimina kwenye sahani ya mizani. Mshale ukatua penye mia na arobaini. Akashusha pumzi.

"Mama, nikatie ndogondogo," Tumu akasema. "Jino linauma."

Akavikatakata, akavirudisha kikombeni. Kikombe hakikujaa. Akaongeza papai, akashindilia kwa kijiko hadi ukingoni, kama afanyavyo siku zote. Akamimina kwenye mizani. Safari hii mshale ulipita mia na arobaini, ukapita mia mbili.

"Imelewa mizani hiyo," Bi Hadiya akanong'ona.

Wakapima tena. Mshale ukarudi pale pale, juu ya mia mbili.

Kikombe kile kile, papai lile lile, na ule uwazi kati ya vipande, ambao jicho halikuuona, sasa ulikuwa umejaa papai na sukari yake. Mama Tumu akakichungulia kikombe kitupu kama anayechungulia kisima.

Mama mwenzangu, usipime tunda kwa kikombe. Usilishindilie. Usibadili ukubwa wa vipande ukadhani kipimo ni kile kile. Na mtoto akililia kijiko kimoja zaidi, usimwongezee kwa huruma.