Kuruta Aliyekataa Fagio

Makuruta watano walisimama mstari mmoja kwenye korido, mafagio begani, na Sajini akapita akiwakagua kucha.

"Vita havisubiri mtu," aliwaambia. Alikuwa na miaka tisini na tisa, amevaa pajama, akijikongoja na kigari chake cha kutembelea.

Hapo ni Mount Druitt, kitongoji cha ughaibuni, katika nyumba ya kutunzia wazee. Tangu akili ya mzee Walter, huyo Sajini, irudi nyuma hadi Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa hali chochote mpaka kikosi chake kipige kwata kwanza. Wasipopiga, anafumba mdomo. Alikuwa amekonda hadi pete ikaanza kumvuka kidoleni. Ndipo Elvire, mama wa Goma aliyeongoza shifti ya asubuhi, akawageuza wahudumu wote kuwa jeshi. Wakatembea kwa hatua sawa mpaka chumba cha kulia, na uji ukaliwa.

Kisha akaja Méthode, mhudumu mpya. Elvire alimpa fagio. Akakataa kulipokea.

Alipokuwa kijana kule Masisi, karibu na Goma, waasi walimchukua shambani, wakamfundisha kwata kwa bunduki ya mti. Usiku aliotoroka aliapa hatasimama tena kwenye mstari wa mtu.

"Ni fagio tu, kaka Méthode," Elvire alimsihi. "Mzee asipokula, atakufa."

"Na kule pia ilianza na mti tu, mama."

Sajini alisikia ubishi. Akauliza kama kuruta huyu anakataa amri. Méthode akamjibu kwa heshima kwamba ndiyo, anakataa.

Mzee akagonga sakafu kwa kigari chake. Akamwita mwoga, akamwita msaliti, akaamuru afungwe mara moja. Makuruta walitazama sakafu. Elvire alimwomba Méthode kwa macho tu, kwa ajili ya ule uji uliokuwa unapoa. Méthode akajipeleka mwenyewe stoo ya mashuka, mlango ukafungwa nyuma yake.

Alikaa juu ya furushi la taulo, amejaa aibu na hasira. Amevuka bahari na watoto wake, kumbe amekuja kufungwa tena, safari hii na babu mwenye pajama. Akaamua kurudisha kitambulisho cha kazi, apande treni aende zake nyumbani.

Kabla hajainuka, mlango ulifunguka polepole. Alikuwa Sajini. Alichungulia korido pande zote mbili, akaingia, akaufunga bila kelele. Akajishusha kwa shida juu ya taulo kando ya Méthode, akatoa mfukoni kipande cha mkate, akakikata katikati na kumpa nusu.

"Kula haraka," alinong'ona. "Na wasikutishe, kijana. Yule sajini wao atapiga kelele mpaka achoke. Mimi huu mwaka wa pili wamenifungia humu, na bunduki yao sijaishika."