Vidoko vya Eliamini

Wachimbaji wote wa mgodi ule walidungwa sindano kabla ya kupewa kazi. Iliamsha jeni ambayo kwa popo huwa macho ndani kabisa ya sikio, na kwa binadamu imelala tangu asili. Eliamini, mume wa Nakundwa, alishuka shimoni bila taa. Alipiga kidoko kwa ulimi, na mwangwi ukamwonyesha kila ukuta.

Nakundwa alipopata mimba, Eliamini alirudi kila jioni akapiga magoti, akaweka mdomo tumboni mwa mkewe na kupiga vidoko taratibu.

“Anacheza huyu,” alimwambia. “Leo ananyonya kidole.”

Nakundwa alicheka, akajiona mwenye bahati kuliko mashoga zake wote.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, jioni moja Eliamini alipiga kidoko, akatega sikio. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi.

“Vipi, mume wangu?”

“Amelala.”

“Na moyo wake?”

Eliamini alihamishia mdomo upande wa pili wa tumbo, akapiga kingine, na kingine. Nakundwa alimshika kichwa ili amwondoe, kisha akamwacha aendelee kubisha hodi.