Maabara Iko Juu

Siwema aliongoza mkoa mzima kwa kemia, na chuo cha tatu alichokitembelea na baba yake ndicho pekee kilichompokea kwa bashasha. Mkuu wa chuo, mama mcheshi, alimsukuma mwenyewe kwenye kiti chake cha magurudumu hadi chini ya ngazi.

"Maabara iko juu, mwanangu. Lakini historia tunafundishia hapa hapa chini. Utaipenda."

"Nitambeba mimi, mama," baba yake alisema. "Kila siku."

Mkuu alitabasamu kwa huruma. "Na meza zetu ni za kusimama, mzee wangu."

Harufu ya tindikali iliteremka ngazini pamoja na vicheko vya wanafunzi. Siwema alifunga breki za kiti. Baba yake alipomgusa bega waondoke, hakuzifungua.