Mota ya Drooni

Bubu hana jina, ila ukimfungua tumbo humtaja aliyemsuka: nani huyo? Umeshindwa? Basi mji ni wangu: ni mota ya mashua ndogo ya mfano.

Muriel aliikuta katika droo ya marehemu mumewe, akaipeleka kwa fundi wa klabu ya mashua hizo pale bwawani aitambue.

Fundi aliifungua, akaufuata waya wa shaba kwa ncha ya sindano.

“Hii si ya kiwandani, mama. Imesukwa kwa mkono, tena wa kushoto; waya umezunguka kinyume. Mumeo alikuwa mashoto?”

“Yule? Kwa kushoto hata chai aliimwaga!”

“Sasa kwenu nani alikuwa mashoto?”

Kicheko kilimkauka Muriel. Kijana wao alipozama, mumewe aliapa kwamba vitu vyote vya kijana huyo amevichoma.

Aliifumbata mota mpaka ikapata joto.

“Mwanetu,” akasema.