Mgonjwa Asiye na Haraka

“Huyu miye siwezi mugusa,” Ramazani, mtu wa nusukaputi, alisema, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga mlango wa chumba cha upasuaji.

“Ramazani! Si ni wewe unalalishaka bagonjwa?” Docteur Bénite aliuliza nyuma ya barakoa.

“Huyu ameshalala, Docteur.”

Bénite hakumlazimisha. Alikuwa na mashaka yake mwenyewe, tena mazito. Kaswera alikuwa ameshuka kutoka Masereka mpaka hapa Butembo na binti mchanga mwenye doa jeusi mgongoni, pana kama kizibo cha soda. Majibu yalipotoka, kila mtu aliishiwa nguvu: saratani ya ngozi, ile ambayo kwa watoto wachanga daktari anaweza kuzeeka bila kuiona. Hapo hakuna kubahatisha na vidonge, ni kisu. Ukikata kidogo, ugonjwa unabaki. Ukikata sana, ngozi haifungiki. Na Bénite, jamani, upasuaji huo alikuwa ameuona kwa macho tu.

Akashika kisu. Kitambaa cha kijani kilikuwa na tundu, na katika tundu ulionekana mgongo mwororo na doa lake. Ézéchias, muuguzi ambaye mdomo wake haujui likizo, akachungulia chini ya kitambaa.

“Ee! Masikio hii! Kama ya muchungaji wetu.”

“Ézéchias, heshima! Ni mugonjwa wangu.”

“Pardon, Docteur. Mais ni ya muchungaji kabisa.”

Bénite akakata. Akalizunguka doa, akiacha ukingo wa ngozi safi pande zote, na doa likatoka zima. Lakini alipovuta ngozi kushona, uzi ukaichana. Jasho likamtiririka.

“Nimemuharibu,” akasema, na machozi yakamlenga kweli kweli. Kutoka wodini ilisikika sauti ya Kaswera akiimba taratibu wimbo wa kanisani. Sauti ile ikamkata maini.

“Pole pole, Docteur,” Ézéchias alisema. “Huyu hana haraka.”

“Allah akusaidie,” Ramazani akaongeza kutoka mlangoni, bila kusogea hata kidogo.

Bénite akavuta pumzi. Akailegeza ngozi kwa chini, kidogo kidogo, kisha akashona upya. Safari hii kingo zikakutana zenyewe, bila kuvutana. Akaukagua mshono kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaukagua tena, akacheka peke yake kwa furaha.

“Sasa naweza,” akasema, akavua glavu. “Mumuambie Mama Kaswera anyonyeshe mutoto vizuri. Kesho asubuhi ni zamu yake.”

Ézéchias akafunua kitambaa, akamwinua yule nguruwe mchanga wa mazoezi kwa kwato za nyuma, akamnusa.

“Docteur, nyuzi tutoe kwanza, ao tukaange nayo?”

“Miye,” Ramazani akasema kule mlangoni, “munipikie maharagi.”