Unyoya wa Mkwe

Povu la sabuni lilipogusa unyoya, maji ya beseni yakawa mekundu.

"Aaah!" Tantine Christiane alipiga makofi. "Rangi ya soko! Mukwe anatuletea rangi ya soko!"

Faustin alitamani kuingia chini ya kiti. Alikuwa amekuja kumposa Sephora, na baba yake msichana, papa Rigobert, hakuuliza kwanza habari za mbuzi wala za mali. Aliuliza kile ambacho kila mkwe wa ukoo ule huleta: unyoya mwekundu wa nduba, uliookotwa msituni na mposaji mwenyewe. Bila unyoya, hakuna harusi.

Na nduba si ndege wa kukuangushia kitu ovyo. Mwili wake wa zambarau hupotea kivulini, hukimbia juu ya matawi kama kindi, na wekundu wa mabawa yake huuona tu anaporuka. Faustin alikuwa amemfuata kando ya vijito kule Kambove mpaka viatu vikafunguka midomo.

"Papa, haiko rangi ya soko," alisema. "Nduba anakulaka matunda. Shaba ya mu matunda inaingia mu manyoya, njo ule wekundu. Sabuni inaitoaka."

"Shaba!" Tantine alicheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani. "Kumbe na nduba iko creuseur, muchimbaji wa shaba? Anachimbaka mu carrière gani?"

Nyuma ya pazia, Sephora hakucheka.

Papa Rigobert aligusa unyoya uliokuwa kwenye kofia yake, ule aliomposea mke wake zamani. "Angalia ya kwangu, kijana. Dada yangu Christiane anaifuaka na sabuni kila Noeli. Iko vilevile. Rudia kwenu."

Faustin aliinuka. Alipofika mlangoni, fimbo ilimzuia. Ilikuwa ya kambo Simone, bibi yake Sephora mzaa mama. Mzee alijikokota hadi kwenye beseni, akachovya kidole, akakipaka mdomoni kama msichana anayejiandaa kwa sherehe.

"Hii njo nduba yenyewe," alisema. "Ku mugini, mu kijiji yetu, tulikuwa tunapakaka midomo na maji yake. Kaa, mutoto wangu. Sephora iko wako."

Pazia lilipiga vigelegele. Tantine aliokota kitambaa chake.

Papa Rigobert alivua kofia polepole, akaiweka magotini, akaifunika kwa mikono miwili. Faustin, kwa heshima, alianza kutazama dari.

"Mama," papa Rigobert alinong'ona, "ile siku mulipokea unyoya yangu, hamukuiosha?"

"Kuosha ya nini, mukwe wangu?" alijibu kambo, midomo yake ikiwa bado myekundu. "Ile juma jogoo yangu mwekundu alirudi ku nyumba bila mukia."