Sehemu ya Tisa ya Wana wa Zohali

"Sehemu ya nane ni ya hovyo," Yuliana alisema, akalitua tenga lake tupu chini ya dirisha la Mwinjuma. "Chombo kinaungua huko angani, nahodha amekaa anagombana na mchumba. Sasa huo ni utu uzima?"

Mwinjuma alimwamkia shikamoo kwanza, ndipo akacheka. Ndiye aliyekuwa akiitafsiri tamthilia ya *Wana wa Zohali* kwa Kiswahili hapo mjini, Mwembesongo, peke yake, kwa sauti zote: nahodha yeye, roboti yeye, mpaka mtoto mchanga yeye. Malalamiko ya mama huyu wa mlimani alishayazoea. Kila Ijumaa akimaliza kuuza mboga sokoni alipita kuchukua sehemu mpya, na kila Ijumaa alikuwa na neno.

Leo alikuwa nayo mengi. Msimu wa kwanza ulikuwa mtamu, alisema, huu wa tatu unakimbizwa tu kama watu wanaowahi mvua. Na zile nyanya zinazoota ndani ya chombo bila udongo, bila dawa, wala jani moja kunyauka, jamani! Aliyeandika vile hajawahi kulima hata mchicha.

Mwinjuma akampa flashi yenye sehemu ya tisa. Ilikuwa imetoka jana yake, na kama kawaida hakuiweka mtandaoni kwa kuogopa wezi wa kazi. Aliyeitaka aliifuata dirishani. Akamsihi asisinzie pale injini inapokufa. Kwa Kiingereza fundi anaitazama tu, hafungui mdomo hata kidogo. Yeye Mwinjuma ule ukimya ulimshinda, akamtilia fundi maneno yake mwenyewe.

Yuliana akapanda kwenda kwao. Siku hizi kile kilima kilimtoa jasho hata akiwa hana mzigo. Alipumzika kila penye jiwe, na kila alipokaa aliliwazia shamba la chini.

Kesho asubuhi alikuwa anakuja mtu wa mjini kulinunua. Lilikuwa shamba la ukoo, limetoka kwa bibi yake mzaa mama, na kaka yake Stefano aliposikia habari hiyo aliacha kula kwake. Baadaye alilainika, ila akamwambia asimwite kushuhudia. Yuliana atafanyaje, na mwanawe Kasiani amebakiza mwaka mmoja wa uhandisi huko Uturuki? Bila ada wangemtoa chuoni. Shamba la juu lilikwenda mwaka ule alioondoka. Hili likienda, Yuliana angebaki kulima vibarua kwenye mashamba ya wenzake, kwa mgongo huu huu.

Sura ya mwanawe hakuwa ameiona tangu Kwaresima. Kamera ya simu imeharibika, Kasiani alisema. Lakini kupiga alipiga, kila Ijumaa jioni bila kukosa, na wote wawili waliipenda *Wana wa Zohali*, yeye akiitazama huko kwa Kiingereza, mama kwa Kiswahili cha Mwinjuma. Habari za ada ziliwaishia haraka, zikawaacha wote wanyonge. Habari za nahodha hazikuisha.

Alifika, akachomeka flashi kwenye televisheni yake ndogo ya sola, akakaa kuitazama huku akiambua maharage. Pale kwenye injini alijikuta anacheka peke yake. Sehemu ilipokwisha, simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeshindaje?"

Wakaanza. Kasiani aliitetea sehemu ya nane. Bila ule ugomvi, alisema, mtu hawezi kuumia mchumba anapokufa. Yuliana akamjibu kwamba angeumia vizuri tu bila kuchoshwa kwanza. Kwa Kasiani iliyoshinda zote ilikuwa sehemu ya nne, ile ambayo siku moja inajirudia na mpishi peke yake ndiye anayekumbuka. Hapo walikubaliana, ingawa mama aliona mpishi alizembea, moto angeuzima tangu mara ya pili. Alikuwa anafurahi, kusema kweli. Kwa nusu saa hiyo mgongo haukumuuma.

Kisha Kasiani akauliza, sauti ikiwa chini, kama yule mtu wa shamba bado anakuja. Yuliana akasema anakuja asubuhi. Kasiani akashukuru harakaharaka na kurudi kwenye mambo yao.

"Ila hii ya tisa ndiyo yenyewe," akasema. "Pale fundi anapoitazama injini, anasema hii hata mafundi wa stendi ya Msamvu wangeikataa. Nimecheka, mama, mpaka nikakumbuka nyumbani."

Yuliana aliacha kuambua. Maneno hayo yalikuwa ya Mwinjuma. Ganda la haragwe lilibaki mkononi, nusu limefunguka. Alichoka ghafla, uchovu wa miaka yote minne kwa mpigo.

"Mama, upo?"

"Nipo."

Alitazama nje mlangoni. Huko bondeni taa za mjini zilikuwa zimeanza kuwaka, Kilakala kwanza, halafu kwingine. Alitaka kupiga kelele, akakosa nguvu ya kupiga kelele. Alipofungua mdomo, sauti ilitoka ya kawaida kabisa.

"Yule mtu nitampigia asije. Karoti za shamba la chini zimekomaa, magoti ya mjomba wako yamekwisha, na mimi nimechoka, mwanangu. Kesho njoo tung'oe."

Alimsikia akivuta pumzi, akitaka kusema, akiacha. Yuliana akarudi kwenye maharage yake.

"Nije saa ngapi, mama?"